UZI: Nikolai Astrup, mchoraji aliyepanda kwanza vitu alivyokuja kuvichora

Mzee wa Turubai:
Wakuu habari za humu. Kila tukiongelea wachoraji wa mandhari majina ni yaleyale, na ikitajwa Norway ndo kabisa, watu wote wanakimbilia kwa mchoraji wao Edvard Munch na picha yake ya lile sura linalopiga mayowe, habari imeisha. Leo namleta jamaa mwingine. Anaitwa Nikolai Astrup, kazaliwa 1880 kafariki 1928, na karibu kila kitu cha maana alichochora kiko kandokando ya ziwa moja tu, Jølstravatnet, sehemu inaitwa Jølster magharibi mwa Norway. Ziwa lenyewe lina eneo la kama kilomita za mraba 39, kina chake kinazidi mita 200, milima imelibana pande zote, na sio mbali na hapo kuna Jostedalsbreen ambayo ndo barafu kubwa kuliko zote Ulaya bara. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimyakimya.

Sasa kilichonifanya nimlete sio kwamba alilipenda ziwa. Ziwa kila mtu analipenda. Wachoraji wa zama zake walikuwa wanakuja vijijini kiangazi, wanapanga chumba, wanachora mlima na maji na binti wa kijijini kabeba ndoo, baridi ikianza wanarudi mjini kuuza. Astrup alikuwa upande wa pili wa biashara hiyo, yeye ndo mwenyeji, baridi ikija anabaki nayo hapohapo, na matope anabaki nayo, na madeni. Na alipofika utu uzima akafanya kitu ambacho wachoraji wachache sana wamekifanya, akanunua kipande cha mlima kibovu kando ya ziwa akaanza kukitengeneza kwa mikono yake, ngazi za mawe, miti, bustani, nyumba, halafu ndo akawa anachora hicho alichokitengeneza. Nitafika huko.

Tuanze na baba. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, familia ikahamia Ålhus upande wa kaskazini wa ziwa Nikolai akiwa na miaka mitatu hivi. Walizaliwa watoto 14, yeye ndo wa kwanza, na mnajua wa kwanza kwa mchungaji anategemewa awe nani. Akapelekwa shule Trondheim, mpango ni aje awe mchungaji, jamaa akili yote iko kwenye penseli. Nyumba ya mchungaji waliyokuwa wanaishi ilikuwa ya zamani, mbovu, unyevu na baridi vinapenya kila mahali, na huyu mtoto mapafu yake hayakuwahi kuwa mazima, pumu ilimkamata utotoni na ikaendelea naye mpaka mwisho. Mtu wa pumu hapati usingizi. Anakaa dirishani. Kule kwao Juni usiku haungii giza la kweli, unabaki mwanga wa bluu na kijani hivi, kila kitu unakiona ila hakina kivuli. Angalieni picha zake hesabuni ngapi ni za usiku, mtaelewa nasema nini.

kalamu_butu:
Aisee sikuwahi kumsikia. Alisomea wapi sasa au ni wale wa kujifundisha wenyewe?

Mzee wa Turubai:
Alisoma vizuri tu mkuu, watu wakiona zile picha na rangi zake za moja kwa moja wanadhani ni mtu wa kijijini asiyejua kuchora, sio kweli. Aliacha njia ya uchungaji akaenda Kristiania (ndo Oslo ya leo, jina lilibadilishwa 1925) akasoma kwa Harriet Backer, mwanamama mchoraji mkubwa sana kwao, halafu 1901 akaenda Paris akafundishwa na mchoraji wa kwao Christian Krohg kwenye shule ya sanaa ya Colarossi. Paris kila kijana alikuwa anaitafuta na wengi wakishafika hawatoki. Huyu 1902 karudi Jølster. Kwa baba yake, ndani ya nyumba ileile yenye unyevu.

Onyesho lake la kwanza la peke yake lilikuwa Kristiania 1905, na huo ndo mwaka Norway inajitoa kwenye muungano na Sweden, kwahiyo watu wana kiu ya chochote chenye harufu ya kwao hasa, Unorway wenyewe, na hapohapo anatokea kijana na mashamba ya Jølster, nyumba za magogo zenye majani juu ya paa, mvua, tope, maua ya njano yale yanayoota kwenye majimaji. Onyesho likapokelewa vizuri. Mtu mwingine hapo angehamia mji mkuu akae karibu na wanunuzi. Yeye akarudi tena.

Dada Fundi:
Mkuu hapo kwenye kurudi mimi nina swali, alirudi kwa mapenzi au alirudi kwa sababu hana hela na anaumwa? Maana hizi story za wasanii huwa zinapambwa sana, mtu kakwama kijijini wanasema alichagua kijiji.

Mzee wa Turubai:
Swali zuri dada na jibu langu ni vyote viwili, wala sioni kimoja kinakifuta kingine. Hela hakuwa nayo, hilo liko wazi maisha yake yote. Ugonjwa nao ulikuwepo. Lakini alisafiri, London kafika, Berlin kafika, njia ya kutoka aliijua. Tatizo, au bahati, alichotaka kuchora kilikuwa kwao tu. Alikuwa na ile orodha ya vitu vya utotoni kichwani na kwenye madaftari, kona fulani ya bustani ya baba yake, njia fulani, mlima Kleppegg ng'ambo ya maji, na alikuwa anavirudia vitu hivyo miaka na miaka kama mtu anayedai deni. Hakuwa anachora anachokiona leo. Alikuwa anachora alivyokiona akiwa na miaka saba halafu anatoka nje kwenda kuhakiki.

Mfano mzuri ni moto wa mkesha wa katikati ya kiangazi, tarehe 23 Juni. Kwao watu wanawasha mioto mikubwa kandokando ya ziwa na juu milimani, wanacheza, kinanda, vijana wanatafutana kwenye moshi. Mchungaji Astrup aliwakataza wanawe kushiriki, kwake huo ni upagani umebaki. Kwahiyo watoto wa mchungaji wanabaki wanaangalia kwa mbali wenzao wanavyofurahi. Sasa nenda kaangalie picha za ule moto, na alizichora nyingi, za mafuta na za chapa ya ubao, moshi unapanda kwa mikunjo, wawili wawili wanacheza, halafu pembeni mara nyingi kuna mtu kasimama peke yake hachezi. Wachambuzi wengi wanamwona ni yeye mwenyewe na mimi naafiki. Mtu mzima, ana familia yake, hakuna wa kumkataza tena, na bado kwenye picha hajajiruhusu kuingia.

Msomaji Mtulivu:
Hiyo ya mtu wa pembeni imenichoma. Endelea mkuu usituache.

Mzee wa Turubai:
Sasa ndo tunafika Sandalstrand, sehemu niliyokuwa naisubiri.

Mwaka 1912 hivi akapata kishamba upande wa kusini wa ziwa, moja kwa moja ng'ambo ya Ålhus, akahamia na familia muda mfupi baadaye. Elewa jiografia kwanza. Upande wa kaskazini wa ziwa, kwa baba yake, mlima unatazama kusini, jua linapiga, mashamba mazuri. Upande wa kusini mlima unatazama kaskazini, mwinuko mkali, kivuli, baridi jua linapotea kabisa nyuma ya mlima. Mkulima mwenye akili zake hanunui pale, ndo maana na yeye aliweza kupanunua. Ila kwa mchoraji, ukisimama kwenye kile kivuli unaangalia upande ulio kwenye mwanga, na upande ulio kwenye mwanga ni utoto wako, nyumba ya baba, kanisa la Ålhus, kila kitu kipo mbele yako kinang'aa na maji yako katikati. Sitaki kuamini hiyo ilitokea kwa bahati.

Akaanza kazi. Akajenga kuta za mawe makavu, bila udongo wala chochote cha kuunganisha, kuzuia udongo usiporomoke, akapata ngazi ngazi za kulima. Akawa ananunua nyumba za zamani za magogo za eneo lile ambazo watu walikuwa wanaziacha au wanataka kuzivunja, zinabomolewa gogo kwa gogo, zinaletwa, zinasimamishwa upya shambani kwake na paa la majani juu. Matokeo yake shamba likawa kama kijiji kidogo cha vibanda vyeusi vimening'inia mlimani. Miti akawa anaikata matawi na kuikunja ikue kwa maumbo anayoyataka, ile miti ya ajabu kwenye picha zake ambayo inaonekana kama vizee vimeinua mikono, watu wanasema huyu ana fikra nyingi, wakati mti upo, kaukata hivyo makusudi ili aje auchore.

Na rubarbi! Hii ni mimea ya nchi za baridi, majani mapana mno na mabua mekundu yenye uchachu, watu wanapikia vitu vitamu. Jamaa alikuwa na ugonjwa na rubarbi, alikusanya aina nyingi, akazipanda kwenye zile ngazi, akatengeneza na mvinyo wake. Kuna picha ambazo mke na watoto wako katikati ya majani hayo makubwa wanavuna na nyuma yao ziwa na mlima, jani la rubarbi limekuwa na hadhi sawasawa na mlima. Kwangu mimi hapo ndo ameshinda, wachoraji wengi mandhari kwao ni kile kilichoko mbali, karibu wanaweka jiwe moja na kichaka cha kuzibia kona. Astrup cha karibu amekipalilia, anajua kila jani limefikaje pale.

kalamu_butu:
😂😂 sasa mkuu huyu alikuwa mkulima anayechora au mchoraji anayelima

Mzee wa Turubai:
Ng'ombe walikuwepo na kuku walikuwepo na watoto wanane walikuwepo, kwahiyo lazima alime kaka, picha hazichemshwi.

Chapa Ubao:
Naomba niingie hapa maana mwenye uzi kagusa chapa za ubao akapita, na mimi hii ndo kazi yangu. Kwa wasiojua, unachonga picha kwenye ubao, sehemu inayobaki juu ndo inashika rangi, unaweka karatasi unakandamiza, na picha inatoka imegeuka, kulia inakuwa kushoto. Ukitaka rangi nyingi unachonga ubao zaidi ya mmoja na kila mmoja uangukie palepale penye mwenzake, ukikosea kidogo tu picha inaona mawili. Wajapani ndo mabingwa, na Astrup aliwaangalia sana, lakini wao walitumia rangi za maji zinazokauka haraka na walikuwa timu, mmoja anachora mwingine anachonga mwingine anapiga chapa. Huyu bwana alikuwa peke yake na alitumia rangi za mafuta, nzito, zinazochelewa kukauka. Anapiga rangi moja anasubiri. Anapiga ya pili anasubiri. Akimaliza anachukua brashi na kuongezea kwa mkono. Karatasi moja ingeweza kuchukua muda mrefu ajabu, na mwisho hakuna mbili zinazofanana, kwenye moja usiku ni wa bluu kwenye nyingine ni wa kijani, kwenye moja kuna mtu, nyingine hayupo.

Kibiashara ni upuuzi mtupu. Chapa watu wanafanya ili wauze nyingi kwa bei ndogo, na yeye nia ilikuwa hiyohiyo, halafu anakaa na kila moja kama ni picha ya turubai. Mimi nikiziona nasikia uchungu kwa niaba yake na hapohapo namwonea wivu.

Mzee wa Turubai:
Mkuu umesema vizuri kuliko mimi. Na unganisha na kile nilichosema juu ya kumbukumbu. Ubao unamruhusu kurudi mahali palepale, mistari imeshachongwa haibadiliki, mlima uko palepale, ziwa palepale, kinachobadilika ni saa na hali ya hewa. Ukikaa sehemu moja maisha yote ndivyo inavyokuwa. Mgeni anaona ziwa moja, mwenyeji ana maziwa mia na kila asubuhi ni lingine.

Dada Fundi:
Umesema mke na watoto wanane. Mke ni nani? Maana ngazi za mawe, ng'ombe, rubarbi, mume ana pumu na yuko kwenye ubao anasubiri rangi ikauke... mimi hesabu zangu zinaniambia kuna mtu mwingine hapo anafanya kazi na hajatajwa.

Mzee wa Turubai:
Hahaa nilijua hutaniacha. Mke anaitwa Engel Sunde, binti wa mkulima wa hapohapo ziwani. Walioana 1907, yeye Astrup ana miaka 27, binti ana miaka 15. Ndiyo, 15. Sitaipamba.

Dada Fundi:
15 jamani. Na baba mchungaji yuko wapi hapo.

Mzee wa Turubai:
Kwenye maisha ya familia hiyo baba na mwana hawakuwa watu wa kukubaliana mambo mengi, tuishie hapo. Ninachotaka kusema kuhusu Engel ni kwamba uko sahihi, Sandalstrand bila yeye isingekuwepo. Shamba ni lake sawa na la mume. Na baadaye yeye mwenyewe akawa msanii wa vitambaa, anachapa maua na mapambo kwenye nguo kwa mkono, kazi nzuri kabisa, na mume alipofariki aliendelea kukaa palepale na kuendelea na kazi hiyo. Miaka mingi sana. Alifariki 1966. Watu wanaandika kuhusu mchoraji na ziwa lake, aliyekaa na lile ziwa muda mrefu zaidi ni mama, na alikuwa pia na ile akili ya kugeuza bustani kuwa picha.

Dada Fundi:
Basi kichwa cha uzi badilisha, weka wote wawili.

Mzee wa Turubai:
Kichwa hakibadilishiki baada ya kupost dada yangu, ila hoja nimeipokea.

Msomaji Mtulivu:
Mimi nimetoka kuangalia picha zake sasa hivi kwenye simu. Kuna moja ya nguzo nyingi shambani usiku, ni kitu gani kile? Zinaonekana kama jeshi limesimama.

Mzee wa Turubai:
Hizo ni nguzo za nafaka mkuu. Kule mvua ni nyingi, ukilaza shayiri chini inaoza, kwahiyo unachomeka nguzo shambani unaning'iniza miganda juu yake inakauka kwa upepo. Mchana ni kilimo cha kawaida tu. Jioni mbalamwezi ikitoka zinakuwa majitu, yale matroli ya hadithi zao, yamejipanga yanateremka kuelekea ziwani. Hakuongeza macho wala meno. Kachora nguzo na miganda tu, macho unayaweka wewe mwenyewe, ndo ubaya wake.

Tafuta na ile ya usiku wa majira ya kuchipua, mbele kuna mti umekatwa matawi umekaa kama kizimwi, nyuma kule mlimani theluji iliyobaki imekaa kama mwanamke kalala chali. Ukishamwona huwezi tena kutomwona.

kalamu_butu:
Nimeiona. Mimi naona theluji tu 😅

Swali la mwisho kutoka kwangu, kama ni mkali hivi mbona hatumjui? Munch yuko mpaka kwenye vikombe vya chai.

Mzee wa Turubai:
Munch alizaliwa 1863 akafa 1944, ameishi miaka 80, akakaa Berlin na Paris akagombana na watu wanaojulikana, na kazi zake nyingi mno aliziachia jiji la Oslo. Astrup kafa Januari 1928 kwa nimonia, ana miaka 47, mapafu yalimaliza yalichokianza utotoni. Kazi zake nyingi zilinunuliwa na watu binafsi hapohapo Norway wakazitundika sebuleni, wakapenda, hawakuziuza. Kwahiyo nyumbani anajulikana sana, nje hakuna kitu cha kuonyesha. Mpaka 2016 ndo Dulwich Picture Gallery ya London ikafanya onyesho kubwa la kazi zake, na 2021 likafuata la makumbusho ya sanaa ya Clark kule Massachusetts, Marekani, ndo watu wa nje wakaanza kuulizana huyu alikuwa wapi. Na mimi nina maoni yangu mengine ambayo yanaweza yasipendwe: Munch ukimpeleka popote anaeleweka maana hofu iko kila mahali, Astrup inabidi ukubali kwenda kwake. Ukimwangalia haraka unasema ni maua mazuri na mlima, unapita.

Chapa Ubao:
Hapo sikubali mkuu. Hata mtu ambaye hajui Jølster iko wapi, ile ya moto na mtu wa pembeni inampata palepale. Usimfungie kijijini zaidi ya alivyojifungia mwenyewe.

Mzee wa Turubai:
Haya, hiyo moja nakupa. Ila rubarbi sikupi.

Kwa wanaotaka kuona kwa macho, mkusanyiko mkubwa uko makumbusho ya sanaa ya KODE, mjini Bergen, Norway. Shamba lenyewe sasa hivi linaitwa Astruptunet na ni makumbusho, vile vibanda vyeusi bado vipo, bustani inatunzwa, mkifika tembeeni kwenye ngazi za mawe kabla ya kuingia kuangalia picha, msifanye kinyume. Ng'ambo pale Ålhus kuna nyumba ya sanaa ya Ludvig Eikaas, mchoraji mwingine wa Jølster, kazaliwa 1920, yeye alitoka akaenda zake akawa mtu wa sanaa ya kisasa kabisa, hafanani na Astrup hata kidogo. Wawili kutoka ziwa moja. Huyo anataka uzi wake.

Dada Fundi:
Anza na wa Engel kwanza.

kalamu_butu:
Nimerudi kuangalia tena ile ya theluji. Sawa, yupo. Ila kichwa chake kiko upande gani, kushoto au kulia?

Chapa Ubao:
Inategemea unaangalia ya turubai au ya chapa, nimeshasema chapa inageuza 😂